Kuhusu ile mashine ya kudarizi: barua kwa mwanangu

Mikindani, Jumapili jioni

Mwanangu,

Salamu zikufikie huko Masasi, wewe na wajukuu zangu. Sisi hatujambo. Baba yako kifua kimeachia, na jana alishuka mwenyewe hadi ufukweni kungoja samaki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema umechoka kukunja pindo za kanga na kupunguza suruali za watu, unataka kufanya biashara ya kudarizi. Umeoneshwa mashine ya kompyuta ya kichwa kimoja kwa milioni 9, na kuna mkopo wa kulipa kwa miaka miwili. Ukaniuliza, "Mama, nichukue?" Sikutaka kukujibu kwa simu, maana ningesema hapana nikakata, na hapana tupu haikusaidii kitu. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani naandika.

Kudarizi, ndiyo, na roho yangu imefurahi mno. Mashine hiyo, mwaka huu, hapana.

Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Milioni 9 ukiigawa kwa miezi 24 unapata 375,000 kila mwezi, na hapo riba hatujaigusa. Unasema utadarizi nembo za sweta za shule kwa 2,500 kila moja. Toa uzi, toa gamu ya kuweka chini ya kitambaa, toa umeme na sindano zinazovunjika, toa pesa ya kumlipa mtu wa kukutengenezea faili la kompyuta kila inapokuja nembo mpya. Tuseme unabaki na 1,500. Basi kila mwezi unahitaji sweta 250 za kulipa deni tu, kabla hujanunua kilo ya unga. Januari labda utazipata, kwa sababu shule zinafunguliwa na wazazi wametoka kulipwa korosho. Aprili utazitoa wapi? Mzazi gani hununua sweta ya shule Aprili?

Siikashifu mashine. Nembo ya mishono 10,000, kwa mwendo wa mishono 700 kwa dakika, inakwisha karibu robo saa ukiacha muda wa kubadili rangi. Mkono wangu hauwezi hivyo hata nikikesha. Lakini kasi hiyo inamfaa mtu ambaye kazi zimemzidi, zimelundikana mezani. Wewe bado hujapata hata daftari la oda. Tena umeme ukikatika katikati ya nembo, kitambaa kikasogea, sweta ya mtu imeharibika na unailipa wewe.

Sasa sikiliza nilivyoumia mimi, usije ukapita njia ileile.

Mwaka niliokuwa na mimba ya mdogo wako nilidarizi mashuka manne ya tetroni, kila moja na foronya zake mbili. Foronya moja "Lala salama", nyingine "Usiku mwema", maua ya waridi kila pembe. Nilikusudia kuyauza Novemba, minada ya korosho ikianza. Lakini njaa haikungoja Novemba. Ilikuwa Machi, mvua zinanyesha, pesa ya msimu uliopita imekwisha kila nyumba, na akaja mama mmoja mchuuzi na noti mkononi. Akanipa bei ya kitambaa na uzi, na juu yake kidogo cha kunyamazisha moyo. Nikampa yote manne. Niliyauza kangomba, mwanangu, kama mkulima anayeuza korosho zake zingali maua mtini. Desemba nikayaona mashuka yangu yametandikwa kwenye harusi pale Chikongola, watu wanayashika na kuyasifu, na bei aliyoyanunulia bwana harusi nikaisikia kwa masikio yangu. Nilirudi nyumbani nikalia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba sikuwa na la kumjibu yule mchuuzi. Sikujua kazi yangu ni ya shilingi ngapi, kwa sababu sikuwahi kuhesabu saa zangu. Nilihesabu kitambaa na uzi, basi. Saa za mkono niliziona kama hewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni daftari. Kila ukishika sindano andika saa uliyoanza, ukiiweka andika saa uliyoacha, hata ikiwa umeamka tu kumpa mtoto uji. Tufanye mfano: shuka na foronya zake, kitambaa 19,000, uzi 6,000, jumla 25,000. Saa zako ukijumlisha ni 35. Ukiuza 40,000 mkono umepata 15,000, yaani kama 430 kwa saa. Ukiuza 60,000 umepata 1,000 kamili kwa saa. Shuka ni lilelile. Mteja akikwambia "punguza, mama", utajua unampunguzia nini. Na huenda daftari likakuonesha kwamba ua fulani linakula saa sita na hakuna anayeliongezea bei, ukaliacha. Mimi niligundua hivyo kuhusu waridi langu la kujaza, baada ya miaka kumi ya kulishona!

Pili, uzi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapofilisika bila kuelewa.

Kuna shuka jeupe la bibi harusi nililimaliza siku mbili kabla ya harusi. Nikalifua, kama inavyopasa, kuondoa alama za kaboni na uchafu wa vidole. Nilipoliinua kutoka kwenye beseni, wekundu wa waridi ulikuwa umetembea hadi katikati. Uzi nilikuwa nimeununua rahisi kwenye meza ya barabarani, sikuupima. Nilinunua shuka jingine kwa pesa yangu, nikakesha usiku mbili na shangazi yako, tukapeleka kazi nusu.

Tangu hapo kila rangi mpya inapita mtihani. Kata uzi urefu wa kidole, uloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni, uweke ukiwa umelowa kati ya vipande viwili vya kitambaa cheupe, upige pasi. Ukiacha doa, haugusi shuka la mtu. Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokoza usiziamini hata ukizinunua kwa mtu unayemjua. Kitambaa cha marekani nacho kifue kwanza kabla ya kuchora, kwa sababu hunywea kikiguswa na maji, na ua lililoshonwa juu ya kitambaa kisichofuliwa hujikunja likawa kama limekufa. Uzi wa mafungu una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Tenga mbili kwa herufi na mabua, tatu kwa maua. Ukitia zote sita kazi inakuwa nzito na fungu linakwisha mbio.

Na huko Masasi hamna bahari, lakini ukija kukaa huku kumbuka chumvi. Sindano hushika kutu. Usilale ukaiacha imechomekwa kwenye kitambaa, asubuhi utakuta kidoa cha kahawia kisichotoka. Fremu pia iondoe kila jioni, isije ikaacha duara.

Cherehani yako ya mguu unaidharau bure. Mashine uliyonayo inadarizi. Unaondoa kile kiguu kinachokandamiza kitambaa, unashusha yale meno yanayokisukuma, au unayafunika kama hayashuki, unatia kitambaa kwenye fremu kikakaza kama ngoma, kisha unakiongoza kwa mikono miwili huku miguu inakanyaga taratibu. Wiki ya kwanza utavunja sindano na kutukana. Mwezi wa pili utaandika jina la mtu kwa mwandiko wa kupendeza. Mafundi wa zamani wa Lindi na hapa Mtwara walidarizi magauni hivyo, bila kompyuta na bila umeme. Kwa majina kwenye taulo, kwenye kanga za sare za harusi, kwenye fulana za kikundi, cherehani hiyo inatosha kabisa, na haikudai senti.

Kofia za viua usizianze sasa. Najua zina bei, lakini ni kazi nyingine. Kile kipande cha juu cha duara na kile cha kuzunguka kichwa, kila kitundu kizungushiwe uzi kimoja kimoja, kofia nzuri inaweza kula miezi. Ukitaka kujifunza, jifunze kwa kofia ya baba yako. Ya mteja iache hadi mkono utulie. Na siku ukizianza, oda za Idi zipokee tangu Rajabu. Mtu akikujia Ramadhani imeingia, mwambie ukweli kwamba haiwezekani. Tena Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja itaangukia karibu na pesa ya korosho, mwaka mwingine mbali nayo. Iandike kwenye daftari mwanzoni mwa mwaka, pamoja na Januari ya shule, likizo za kutoa wali, yaani watoto wanaotoka jandoni na unyagoni, na Oktoba hadi Desemba ya minada. Miezi iliyobaki ndiyo ya kushona akiba na kuiweka kabatini, na uwe na chakula cha kutosha ndani ili usije ukaipeleka kangomba kama mimi.

Malipo: nusu kabla hujakata kitambaa. Hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu, maana wao ndio watakwambia "nitakupa korosho zikiuzwa", na korosho zikiuzwa wanakwenda kununua bati. Mtu asiye na nusu leo hatakuwa na yote mwezi ujao. Mwambie kwa upole, huku unatabasamu, lakini mkasi usiuguse.

Kuna jambo lingine nimekuwa nikilifikiria tangu nisikie neno "nembo" kwenye ujumbe wako.

Wewe ulikuwa mdogo bibi yako wa Newala, mama yangu, alipofariki, sijui kama unaukumbuka uso wake vizuri. Alikuwa na nembo mashavuni na mgongoni, zile chale za Kimakonde, mistari ya pembe inayopandana, mmoja ndani ya mwingine, imenyooka kama imepigwa rula. Aliposhuka huku pwani watu walimtazama sana, na mimi msichana mjinga nikaona haya kutembea naye sokoni. Haya hiyo nimeibeba hadi leo. Uzeeni aliniambia kila mstari uliuma na kila mstari aliuchagua.

Sasa kila meza sokoni ina waridi lilelile, nami nilishona waridi hilohilo maisha yangu yote. Hakuna aliyeweka mistari ya bibi yako kwenye pindo la foronya. Nimeijaribu mwezi huu, kwa uzi wa kahawia iliyokoza juu ya marekani, kwa mshono wa mnyororo, na mistari iliyonyooka haichukui muda kama waridi: saa nne kwa foronya moja, nimeandika. Mama yako mdogo alipoiona alinyamaza, halafu akasema, "Hii ni mama." Sijui wateja watasemaje. Lakini ningependa hiyo iwe nembo yako ya kwanza kuishona, kabla ya za shule.

Kuhusu pesa, kama ukifika wakati wa kukopa, na wakati huo utakuja, anza kuulizia halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inatengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Lazima muwe kikundi kilichosajiliwa, na wenzako uwachague kwa uaminifu wao, ucheshi baadaye. Nenda pia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, uwaulize habari za mashine na mafunzo kabla hujamsikiliza muuzaji. TIN, namba ya mlipakodi, utapewa bure, asikudanganye mtu kwamba inauzwa.

Ukifika mwaka mzima, ukaniletea daftari, nikaona kwa macho yangu kwamba kuna miezi sita ambayo umekataa oda kwa sababu mkono na cherehani vimeshindwa, nitauza ile mikorosho yangu miwili ya kando ya barabara nikuongezee ya mashine. Hilo naahidi, na baba yako amesikia.

Kesho asubuhi nampa konda wa basi mfuko wa khaki wenye jina lako. Ndani kuna fremu yangu ya mti, pakiti mbili za sindano, foronya ya mistari ya bibi yako, na karatasi niliyoichora nakala ya mistari hiyo kama ninavyoikumbuka. Ule mstari wa tatu kutoka juu sina hakika nao, nilimkuta mama keshazeeka na ngozi imekunjamana. Mpelekee mjomba wako wa Newala aitazame, yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi. Akikusahihisha, chora upya unirudishie.

Mama yako