Maswali ya Wasomaji: Bango la Punda na Mwili wa Mwanamke

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ni klabu ya wanafunzi wa chuo hapa Dodoma. Tunataka kuweka mabango ya kutetea punda wanaobebeshwa maji kupita kiasi, na pia tuguse biashara ya ngozi zao. Mwenzetu mmoja amependekeza picha ya msichana mwanamitindo aliyevaa kichupi, amejilaza juu ya mgongo wa punda, na chini yake maneno "Nibebe taratibu". Anasema mashirika ya Ulaya na Marekani hufanya hivyo na watu wanasimama kuangalia. Wavulana wengi wamelikubali wazo hilo, wasichana wamelikataa. Tufuate lipi?
Katibu wa klabu, Dodoma

JIBU: Marahaba. Wafuateni wasichana. Aibu ni sababu mojawapo, lakini hata mkiiweka pembeni, bango hilo halitamsaidia punda.

Mwenzenu bila shaka anazungumzia PETA, shirika la Marekani la kutetea wanyama lililoanzishwa mwaka 1980. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 liliwavua nguo watu mashuhuri kwenye mabango ya kupinga makoti ya manyoya, na mwaka 2020 likatangaza kuifunga kampeni hiyo. Mwaka 2010 lilimpiga picha mwigizaji Pamela Anderson akiwa na kichupi, mwili wake umechorwa mistari na kuandikwa majina ya vipande vya nyama, kama mchoro unaotundikwa buchani. Jiji la Montreal, Kanada, lilikataa kutoa kibali cha kuzindulia tangazo hilo hadharani, likisema linadhalilisha wanawake. Vyombo vya habari viliandika sana, lakini kilichoandikwa kilimhusu Pamela na kichupi chake. Ng'ombe hawakupata nafasi.

Watetezi wa kampeni za namna hii husema: mbona biashara ya manyoya imepungua? Ni kweli katika nchi kadhaa, ila kazi kubwa ilifanywa na sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ufugaji wa wanyama wa manyoya mwaka 2000. Jimbo la California lilipitisha ya kuzuia uuzaji wa bidhaa mpya za manyoya mwaka 2019. Ukitaka mbunge asimame na kutunga sheria, mpe ushahidi wa mateso, picha ya banda, hesabu. Paja la mwanamke halimpi hoja ya kusimama nayo bungeni.

Jambo hili pia limepimwa. Mwaka 2013 watafiti Renata Bongiorno, Paul Bain na Nick Haslam walichapisha majaribio mawili waliyofanya kwa kutumia matangazo ya PETA. La kwanza lilihusisha wanafunzi wanaume 82 wa chuo nchini Australia: wengine walionyeshwa wanawake waliovuliwa ili kutamanisha, wengine wakaonyeshwa picha za wanawake zisizo za kutamanisha. Waliotazama picha za kutamanisha ndio waliopungukiwa na nia ya kuliunga mkono shirika. La pili lilikuwa na watu 280 wa Marekani, wanaume kwa wanawake, likatoa matokeo yale yale, na hata vitendo vya kusaidia vikapungua. Sababu waliyoiona ndiyo ya kuzingatia: mtazamaji alianza kumwona mwanamke wa kwenye picha kama mwenye utu pungufu. Sasa fikirini. Ninyi mnaomba watu wamwone punda kuwa ni kiumbe anayeumia, halafu chombo mnachotumia kinamfundisha mtazamaji kumwona hata binadamu kama kitu. Mwandishi wa Marekani Carol J. Adams amekuwa akilisema hili tangu 1990: macho yanayomkata mwanamke vipande ni yale yale yanayomkata mnyama.

Kwa Dodoma kuna shida nyingine ya karibu zaidi. Anayemfunga punda madumu asubuhi ni nani? Mara nyingi ni mama, mtoto aliyetumwa, au kijana anayeuza maji kwa mkokoteni. Mama hatamwacha mwanawe asimame mbele ya bango hilo. Mwenyekiti wa mtaa atalibandua. Mchungaji au shehe ambaye angeweza kuwatangazia ujumbe wenu kwa watu mia tatu kwa siku moja hataligusa. Watakaobaki wanalitazama ni wale wanaolitazama kwa ajili ya msichana. Na hayo maneno "Nibebe taratibu" yana fumbo la chumbani. Atakayeyasoma atacheka na kupita.

Fanyeni hivi badala yake. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 150 hivi, wengine chini ya hapo, na kanuni ya kawaida ni mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji na kama kilo moja ya dumu lenyewe. Madumu manne ni kilo 84. Mawili ni 42. Basi bango lenu tayari lina maneno: "Madumu mawili yanatosha". Mpigeni punda picha ubavuni, kamera ikiwa usawa wa macho yake, dumu moja kila upande, na chini ya kamba pawe na matandiko mazito yanayoacha uti wa mgongo bila kuguswa. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Mchana jua la utosini huacha kivuli kizito ubavuni, na ubavu wenye madumu ndio mnaotaka uonekane. Mkitaka kuonyesha kidonda, onyesheni kimoja, kwa ukaribu, pamoja na kamba iliyokisababisha. Picha ya vidonda vingi humfanya mtu ageuze uso.

Mwanamke anaweza kuwemo, na ni vizuri awemo, akiwa amevaa anavyovaa siku zote na akifanya kazi anayoijua: anakaza kamba, anamnywesha punda, anakagua kwato. Hapo yeye ndiye mwenye ujuzi, na mama mwingine akimwona atasema "hata mimi naweza".

Suala la ngozi liwekeeni bango lake. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, ambayo huchemshwa China kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Hoja yenye nguvu kwa mfugaji ni uzazi: punda jike hubeba mimba kama miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Kundi likishachinjwa halirudi kwa msimu mmoja wa mvua.

Kabla ya kuchapa, jaribuni. Tafuteni watu 12 wasiowajua, nusu wanawake, kwenye kioski cha maji au mnadani. Mwonyesheni kila mmoja peke yake nakala kwa sekunde tano, muifunike, kisha mwulizeni: Umeona nini? Linasema nini? Wewe ufanye nini? Andikeni jibu la kwanza kama lilivyotamkwa. Wakishindwa swali la tatu watu zaidi ya wanne, badilisheni maneno. Na kama mwenzenu bado anabisha, mchoreeni lile lake kwa mkono, bila kumtafuta msichana wa kuvua nguo, mlipeleke kwa wazee wawili tu. Mtasikia jibu.

SWALI: Binti yangu ana miaka 16. Kuna kikundi kilikuja kisimani kijijini kwetu wakasema wanapiga picha za punda. Sasa nimeona picha ya binti yangu mtandaoni, ameinama anachota maji, kanga imelowa na imemshika mwili, punda yuko nyuma hata haonekani vizuri. Juu wameandika "Wote wawili wanabebeshwa". Vijana wanamtania njiani. Wao wanajibu kuwa hawakupata faida yoyote, ni kutetea wanyama tu. Nifanye nini?
Mama wa Bahi

JIBU: Pole sana mama. Mpe pole na binti, na mwambie waziwazi kwamba kosa si lake wala la kanga yake. Kisimani hupigwa picha nyingi. Aliyechagua picha hii kati ya nyingi alijua anachochagua.

Kutopata faida hakuwapi ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni taarifa yake. Tena binti yako ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa hiyo ridhaa ilipaswa kutoka kwako.

Anza leo na ushahidi, kwa sababu wakishtuka wataifuta na kukana. Piga picha ya kioo cha simu ikionyesha picha yote, jina la ukurasa, tarehe na maoni ya watu. Nakili na anwani ya ukurasa. Usiisambaze kwa jamaa ili wakuhurumie; kila nakala inaongeza tatizo. Kisha waandikie barua fupi yenye mambo manne: wewe ni mzazi, hukutoa ridhaa, waiondoe ndani ya siku tatu kila mahali ikiwemo kwa waliowapa, na wakujibu kwa maandishi. Baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea, au uitume kwa njia inayoonyesha imesomwa. Wakati huo huo tumia kitufe cha kuripoti kwenye mtandao husika, ukichagua sababu inayohusu mtoto, maana hizo hushughulikiwa mapema zaidi.

Wakikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kwa kuwa anataniwa njiani, usisubiri barua ijibiwe: nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha binti na ule ushahidi.

Kwa vikundi vinavyosoma hapa: karatasi ya ridhaa iseme picha itatumika wapi, kwa muda gani, na maneno gani yataandikwa juu yake. Watu hukubali picha, kisha huumizwa na maneno.

SWALI: Kama mwanamke ni mtu mzima, ameridhia na amelipwa, ninyi mnamzuia kwa haki gani?
Msomaji, Singida

JIBU: Hatumzuii. Mwili ni wake. Tunachopinga ni kikundi kuamua kwamba njia ya kumtetea mnyama ipitie hapo, kisha kuwaomba wanachama wa kike, na wao peke yao, wavue ili kuonyesha wanajali. Na anayetumia mwili mmoja kama chambo hachelewi kuutukana mwingine. Mwaka 2009 PETA hao hao waliweka bango Jacksonville, Florida, lililowafananisha wanawake wanene na nyangumi ili kuwahimiza waache nyama. Hilo nalo liliitwa huruma kwa wanyama.

SWALI: Mimi ni mchapaji Majengo. Wateja wa kampeni hunitumia picha kwa WhatsApp, bango likitoka lina ukungu wananilaumu. Pia, nikiletewa picha ya nusu uchi naruhusiwa kuichapa?
Fundi

JIBU: WhatsApp huibana picha. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, au aje na flashi. Kwa A3 omba pikseli 3508 kwa 4961, sawa na nukta 300 kwa inchi. Turubai la mita 2 kwa 1 linatosheka na nukta 100. Herufi zenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa mita 3; za bango la barabarani linalotazamwa kwa mita 9 ziwe sentimita 7.5. Maneno yasizidi saba.

Kuhusu nusu uchi, kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu machapisho ya aibu, na kinamgusa anayetengeneza pamoja na anayesambaza, hivyo huwezi kusema "mimi nilichapa tu". Mwombe mteja barua ya kikundi, ridhaa ya aliyepigwa picha na kibali cha halmashauri cha kuweka bango. Asipokuwa navyo, mrudishie kazi kabla hujapokea malipo ya awali. Akiwa navyo, toa nakala moja ya A4, aisaini kila kona, ndipo uwashe mashine.