Maswali yenu: Kabla hujamlaumu fundi wa pipa

Wengi mmeuliza kuhusu mashine ya kutengeneza mbolea ya punje, hasa pipa linalozungushwa ili unga wa samadi ujiviringe kuwa punje. Nitajibu zaidi kuhusu malighafi, maana huko ndiko mnakoharibu.

Pipa langu linatoa mabonge kama mayai, kinachobaki ni vumbi. Nimeuziwa bovu? (Magu)

Pipa halina kosa. Kwa maelezo yako umeingiza samadi ya zizini na nyasi zake, ukamwagia maji kwa ndoo. Punje hujengeka kidogokidogo: chembe yenye unyevu hubingirika ikiokota unga laini. Palipolowa sana panatoka bonge, palipokauka panabaki vumbi. Acha samadi ioze kwanza, lundo lipande joto kupita nyuzi 55 ili mbegu za magugu zife. Kisha isage na uichekeche kwa tundu la milimita moja hivi. Maji yanyunyizwe kama ukungu. Fumbata mkononi: ishikane, isichuruzike, ukiibonyeza kwa kidole ivunjike. Ikigoma kushikana, ongeza mfinyanzi uliosagwa au molasi kidogo. Kidogo, nimesema, udongo ukizidi wewe utakuwa unamuuzia mkulima tope kavu.

Maganda ya mpunga yapo bure. Niyatumie? (Nyakato)

Hapana. Ni mepesi, hayashikani, hayaozi upesi. Yachome ukaushie punje.

Vipi mapanki na vumbi la dagaa? (Kirumba)

Mabaki hayo ya sangara na dagaa yana naitrojeni, na mifupa ina fosforasi. Tatizo ni mafuta: unga wenye mafuta hukataa maji, punje hazijengeki. Yaozeshe kwanza pamoja na kitu kikavu. Dagaa walioanikwa mchangani wanakuja na mchanga wao, nao unakula nyundo za kinu cha kusagia. Tena piga hesabu: vumbi hilo wafuga kuku wanaligombania.

Magugu maji je? (Ukerewe)

Zaidi ya asilimia 90 ni maji. Tani kumi ulizohangaika kuvuta hazifikishi tani moja kavu, kwa hiyo kama huna pa kuanika, achana nayo. Na usiyavune pale Mto Mirongo wa Mwanza mjini unapoingilia ziwani. Mmea huu hufyonza metali nzito, na uchafu wa mjini unapita hapo.

Naweza kuchanganya yurea na TSP humo humo? (Sengerema)

Jamani, tena? Yurea ni mbolea ya naitrojeni, TSP ni ya fosfeti; zikikutana zinatoa maji, mchanganyiko unageuka uji. Na mnaotia majivu au chokaa kwenye mbolea ya SA (salfeti ya amonia): ile harufu kali inayowachoma macho ni naitrojeni yenu inayoondoka.

Fosfeti ya Minjingu inafaa kuongezwa? (Misungwi)

Huo mwamba wa fosfeti unafaa ukisagwa laini, na kwa wateja wenye udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa mbuga nyeusi wenye chokaa hauyeyuki vya kutosha, mkulima atasema umemtapeli.

Nikianza kuuza kwa majirani tu, lazima nisajili? (Igoma)

Ndiyo, TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania), kabla ya mfuko wa kwanza. Na usiandike NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), jina la mbolea ya viwandani, kwenye mfuko wa samadi.