Hiyo 0–4 si yako tena, mkuu

Mkuu, umeuliza kama PSA ya 0.21 ni ya kuogopa kwa mtu aliyekwisha kutolewa tezi dume kwa saratani. Kabla hujamsikiliza huyo shemeji yako anayesema 0.21 ni ndogo kwa sababu "mwisho ni 4", nisikilize mimi. Maneno hayo hayo niliambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe, nikayaamini miaka mitatu.

Hiyo 0 hadi 4 ni ya mwanaume mwenye tezi dume. Wewe yako ilitolewa miaka saba iliyopita. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, inapimwa kwenye damu. Asiye na tezi, PSA yake inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kikasema vilevile, madaktari wengi wanahesabu kuwa saratani imejirudia. Ila mashine ya maabara haijui kama umepasuliwa. Inachapa 0–4 pembeni na neno KAWAIDA kwa herufi kubwa. Kawaida ya nini, wakati tezi yenyewe niliiacha kwenye kopo?

Karatasi zangu tano hizi hapa mbele yangu: 0.06, 0.12, 0.23, 0.48, 0.9. Kila moja imepishana na mwenzake miezi tisa hivi. Zote KAWAIDA. Nikitoka maabara nilikuwa naikunja, naitia kwenye bahasha, nampigia mke wangu: safi kabisa! Mtoto wa darasa la nne angeona kwamba namba inajizidisha mara mbili. Kila miezi tisa, mapacha. Na mimi kazi yangu ni uhasibu. Cheka tu, mimi nimeshacheka hadi nimechoka.

Yule daktari kila nikienda alisoma karatasi ya siku hiyo, ya nyuma hakugusa hata moja. Siku niliyomuuliza mbona inapanda, akanijibu, "Mzee, hata ikifika 3 wewe lala." Nikalala. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake ya kunibembeleza, damu inachemka.

Daktari mwingine ndiye alikuja kuzipanga zote tano mezani kama karata, akanyamaza. Skani ya PSMA, ile inayotafuta seli za saratani ya tezi dume mwilini, ikaonyesha tezi moja ya limfu nyongani inawaka. Nikapigwa mionzi nyonga nzima, na sindano za kushusha homoni ya kiume miaka miwili. Usiku joto linanipanda, najipepea na gazeti. Mke wangu anasema sasa tumelingana. Mionzi inafanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA ikiwa bado chini, kabla ya 0.5. Mimi nafasi hiyo niliifungia kwenye bahasha. Pengine hata ningewahi ingekuwa hivi hivi, nani ajue, lakini ningependa kuamua mwenyewe.

Sisemi ukimbilie mionzi kesho. Wapo ambao PSA yao inachukua zaidi ya mwaka kuongezeka maradufu, na alama ya Gleason (ukali wa saratani ukiangaliwa kwa darubini) ilikuwa 7 kushuka chini. Hao daktari anaweza kuwaangalia tu kwa ukaribu, hasa wakiwa na umri mkubwa. Inayojizidisha ndani ya mwaka, au Gleason 8 na kuendelea, hiyo haingoji. Kwa hiyo usiangalie namba peke yake, angalia na kasi. Na kasi huipati kwa namba zako mbili, 0.14 na 0.21, tena za maabara mbili tofauti! Mashine hazilingani. Chagua maabara moja, usihame, pima tena baada ya miezi mitatu hivi, andika tarehe zote kwenye ukurasa mmoja, umwekee daktari wa saratani mbele ya macho. Asipozitazama zote, tafuta mwingine.

Na skani ikija safi usishangilie. PSA ikiwa chini hivyo, mara nyingi haioni kitu hata kama kipo.

Uliuliza pia habari za mkojo baada ya mionzi, na kitu kingine nimeshasahau. Nitarudi. Wewe kwanza niambie hizo mbili ulipima tarehe ngapi, na Gleason yako ilikuwa ngapi.