Jibu: Miwani ya jua kwa uso mpana

Ndugu yangu, umesema uso wako ni mpana, kila miwani ya jua unayonunua mjini inakubana, na sasa unataka moja ya maana. Anza na namba zilizo ndani ya mkono wa miwani. Yangu imeandikwa 56-18-145: upana wa kioo kimoja, nafasi ya pua na urefu wa mkono, zote kwa milimita. Ikikubana juu ya masikio, tafuta fremu yenye namba ya kwanza kubwa zaidi. Ivae, inama kama unayefunga kamba za viatu, kisha cheka. Ikiteleza hadi ncha ya pua, au mashavu yakiisukuma juu, irudishe.

Weusi wa kioo usikudanganye. Nairobi iko karibu na ikweta, tena zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo miale ya jua ni mikali. Kioo cheusi kisicho na kinga hufanya mboni ipanuke na miale iingie zaidi. Tafuta alama ya UV400, yaani kioo kinachozuia miale ya jua inayodhuru macho (UV), ila stika mtu yeyote anaweza kuibandika. Niliwahi kununua ya mchuuzi yenye stika safi. Nilipoipeleka kwa fundi wa miwani akaipima kwa kimashine chake, kinga haikuwepo. Niliumia, maana nilikuwa nimeivaa miezi. Omba ipimwe kabla ya kulipa.

Mtindo ni rahisi: uso wa mviringo hupendezwa na fremu yenye pembe. Mimi ningechukua ya kahawia, inaendana na suti na jinzi. Kama unaendesha gari, epuka kioo cha daraja la 4, la juu kabisa kwa weusi, ni cheusi mno barabarani.