Kibanda kando ya shimo

SWALI: Nikipanda mlima nilikuta shimo la mgodi wa chuma ulioachwa, na pembeni msingi wa kibanda cha mawe, udongo wake mweusi tii. Walikuwa wakiyeyusha mawe humo?

JIBU: Sidhani. Penye tanuri la kuyeyushia utajikwaa kwenye mavi ya chuma, yaani takataka ya mawe yaliyoyeyushwa, mazito, yameganda kama nta iliyochuruzika. Hicho nadhani ni cha mhunzi: sururu na patasi huwa butu upesi kwenye mwamba, nani azishushe bondeni kila siku? Funga sumaku kwenye karatasi, uipitishe juu ya udongo ule. Vikinata vigamba vyembamba vya kijivu, ni ngozi ya chuma cha moto iliyobanduka chini ya nyundo. Fuawe, chuma anachofulia mhunzi, ilikaa karibu. (Nilipovipata mara ya kwanza sikulala.) Virudishe palepale. Shimoni usiingie, hata hatua mbili: magogo yaliyooza yanayoshikilia paa hayapigi hodi.