Jibu kwa mwalimu wa Katuba: jina ukutani si paseli

Mwalimu, rudisha hizo dola 200 mfukoni. Nimesoma yote: komini, yaani serikali ya mtaa, inagawia wafanyakazi wa Serikali paseli, yaani viwanja, kule nyuma ya Ruashi, hapa Lubumbashi, jina lako limebandikwa ukutani, komisioneri, yaani dalali, anataka "pesa ya dosie" (ya faili) ili upate fishi, karatasi ya kugawiwa, kabla ya Jumatatu, mama mjane wa shuleni kwenu amerukwa na shemeji wa karani ameandikwa mara mbili. Unauliza mlalamike wapi, na uanze na matofali ya kuchoma au ya simenti. Moyo umenidunda. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, hata hiyo Jumatatu ilikuwemo.

Fishi ya komini haikupi udongo! Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na haki yako juu yake inasimama kwa sertifika ya usajili tu, ile anayotia sahihi konsevateri wa hati za ardhi. Kwanza unapata kontra (mkataba) ya kukodi, isiyozidi miaka 3, unajenga, ndipo unaomba konsesio ya kudumu, yaani haki ya kukitumia kiwanja bila kikomo. Bugumestri, mkuu wa komini, humkuti popote hapo. Kashe yake, muhuri anaougonga kwenye fishi, ni nzuri, hilo sikatai. Fishi yangu ninayo mpaka leo kwenye kabati, haijapauka.

Mkubwa mmoja wa ofisi, siitaji ni ipi, aliniambia huku anacheka: "Yaya, kaka yangu, kwa konsevateri kuna foleni. Jenga kwanza. Ukishajenga, nani atakutoa?" Nikamwamini, maana alikuwa na meza kubwa na picha ya Rais nyuma ya kichwa. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, yote ikaingia kwenye fondasio, msingi wa nyumba. Nikapandisha ukuta hadi usawa wa madirisha, mabati nikayanunua kabla mvua hazijaanza, watoto wakala bukari (ugali) na sombe (kisamvu) mpaka wakaanza kuniangalia vibaya.

Akaja bwana mmoja na avoka (wakili) wake, mkononi karatasi moja. Sertifika. Paseli ile ilipimwa na kuandikwa kwenye kitabu zamani, kabla hata orodha yetu haijabandikwa. Na hapa usome polepole: sertifika ile ilikuwa imepita miaka 2. Ikishapita miaka 2 bila mtu kuishitaki, haivunjwi tena. Kinachobaki ni kudai fidia kwa aliyekudanganya. Sasa nimdai nani? Mkubwa alikwisha hamishwa, komisioneri amebadilisha namba ya simu. Avoka wangu peke yake ndiye niliyeendelea kumwona, na yeye alikuja kudai pesa zake.

Juu ya fondasio yangu leo kuna nyumba ya ghorofa, haina hata ufa. Tukipita pale nawaambia watoto: mnaona baba yenu anavyojua kuchanganya simenti?

Na hawa makomisioneri! Anakula kwako, anakula kwa muuzaji, anakula kwa karani, na siku ya balaa anakuuliza "kwani hukuhakikisha?" Nilihakikisha, ee Mungu wangu, nilimtuma yeye akahakikishe! Akaniletea karatasi inayosema paseli ni huru, na kashe yake, ya kuchongesha sokoni.

Kwa hiyo kabla ya franka moja kutoka, nenda wewe mwenyewe kadasta, ofisi ya upimaji wa viwanja, na kwa konsevateri, na namba ya paseli mkononi, waangalie kwenye kitabu nani ameandikwa. Usimtume mtu, hata kama ni shemeji yako. Jibu ulitake kwa maandishi. Na pesa ya Serikali inalipwa benki, kwa noti ya persepsio, karatasi rasmi ya malipo. Hailipwi ndani ya gari, wala kwenye simu ya mtu.

Komisioneri asiye na namba ya kadasta hana paseli, hata akikupeleka ukaikanyage. Mimi niliikanyaga, tena nilipiga picha.

Matofali usiniulize leo. Yule mama mjane mwambie naye asitoe kitu ili "aongezwe" kwenye orodha, maana watampeleka kwenye hasara hiyo hiyo.

Kesho asubuhi mwombe huyo komisioneri wako namba ya kadasta. Akianza kukuambia habari za foleni, rudi hapa utuandikie ni komini gani, kuna wengine wanaosoma uzi huu wakiwa na pesa mkononi.