Sauti za Uwanjani: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Kanda za Zamani za Kandanda

Makala yetu ya karibuni kuhusu klabu kongwe za Nairobi yameleta barua nyingi, na nyingi kati yake haziulizi habari za vikombe bali za matangazo: yako wapi, yanasikilizwaje, na yana thamani gani kwa anayetaka kuijua historia ya klabu yake. Tumechagua maswali manne.

Swali (msomaji wa Kaloleni): Mheshimiwa Mhariri, marehemu baba yangu alikuwa shabiki sugu wa Gor Mahia, na ametuachia kaseti moja aliyoirekodi kutoka kwenye redio. Juu yake ameandika neno "Gor" peke yake. Tunasikia sehemu ya mechi, kelele za mashabiki, kisha mwanzo wa taarifa ya habari, halafu inakatika. Nitajuaje ni mechi ya mwaka gani?

Jibu: Pokea pole zetu, ndugu msomaji. Kabla hujaicheza tena kaseti hiyo, itazame vizuri. Kwenye ukingo ulio mkabala na ule unaoonyesha utepe, utaona vijishimo viwili, kimoja kila pembe. Ikiwa vimezibwa kwa vibanzi vidogo vya plastiki, kaseti hiyo bado inaweza kurekodiwa juu yake, na mtoto akibonyeza kitufe kisicho, sauti aliyoihifadhi baba yako itafutika isirudi tena. Vivunje vibanzi hivyo kwa ncha ya kisu. Kisha chungulia kwenye mdomo wa kaseti, pale utepe unapopita, uone kama kile kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha redio bado kipo. Gundi yake hukauka kwa miaka, sponji ikabanduka, na wengi hudhani sauti imekufa kumbe utepe wenyewe ni mzima na fundi anaweza kuuhamishia kwenye ganda la kaseti nyingine. Utepe ukiwa umelegea, ukaze polepole kwa kuzungusha kitovu kwa penseli.

Mpelekee fundi mwenye deki nzima akunakilie sauti hiyo kwenye kompyuta katika faili ya WAV, kwa kipimo cha kilohezi 48 na biti 24, na umwambie asiisafishe. Nakala ya kwanza ibaki na mikwaruzo na kelele zake zote, kwa kuwa ushahidi mwingi unaoutafuta umo ndani ya kelele hizo.

Sasa tuje kwenye mwaka. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa kwa Luo Union na Luo Stars, hivyo huna haja ya kutafuta nyuma ya hapo. Sikiliza jina la kituo. Shirika la utangazaji la Kenya lililoanzishwa mwaka 1961 kwa jina la KBC lilitaifishwa mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, na jina la KBC halikurudi hadi mwaka 1989. Kwa hiyo mtangazaji akisema "Sauti ya Kenya", mechi hiyo ni ya kati ya 1968 na 1989, na akisema KBC, ni ya 1989 au baadaye.

Kisha sikiliza jina la uwanja. Nyayo ilifunguliwa mwaka 1983 na Kasarani mwaka 1987. Kabla ya hapo mechi kubwa za jijini zilikuwa zikichezwa katika uwanja wa City, kwenye barabara ya Jogoo. Jina la mpinzani nalo husaidia sana. Ukisikia "Abaluhya", uko katika miaka ya 1960 au 1970; ukisikia "AFC Leopards", jina jipya la klabu hiyohiyo, umevuka miaka hiyo, kwa sababu jina la zamani liliachwa wakati serikali ilipoagiza klabu ziondoe majina ya kikabila. Ndicho kipindi ambacho Gor Mahia yenyewe iliitwa Gulf Olympic Rangers kwa muda mfupi, na ukilisikia jina hilo kwenye kaseti yako, tafadhali tuandikie mara moja. Usiusahau umati pia: mlio wa ngoma za isukuti ukisikika kwa nguvu nyuma ya mtangazaji, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashabiki wa Leopards, yaani Ingwe, wako karibu na kipaza sauti na unasikiliza mechi ya mashemeji, ile ya Gor na Leopards.

Kanuni za mchezo nazo huacha alama. Mtangazaji akieleza kwamba beki amemrudishia kipa mpira kwa mguu, na kipa akaudaka kwa mikono bila refa kupuliza kipenga, mechi hiyo ilichezwa kabla ya mabadiliko ya kanuni ya mwaka 1992. Na ile taarifa ya habari ambayo pengine mmekuwa mkiiruka ndiyo hazina kuliko zote. Habari za Rais ndizo zilizokuwa zikitangulia. Akitajwa Mzee Kenyatta kama Rais aliye hai, tangazo ni la kabla ya tarehe 22 Agosti 1978, na akitajwa Rais Moi, ni la baada ya hapo. Chukua ziara au hotuba itakayotajwa, nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa katika barabara ya Moi, uombe magazeti ya miezi unayoikisia, na utafute habari hiyo. Ukiipata, tarehe ya mechi utakuwa umeipata, na katika gazeti la siku hiyo au ya pili yake utakuta matokeo. Kazi hii huchukua saa nyingi, lakini ni kazi tamu, na shabiki yeyote mwenye subira anaweza kuifanya bila digrii ya historia.

Swali (msomaji wa South B): Mimi nilizaliwa baada ya mwaka 2000. Matokeo ya mechi zote kubwa za Gor Mahia nayapata kwa simu yangu. Kuna faida gani ya kusikiliza tangazo lenye mikwaruzo la mechi ambayo mwisho wake tayari naujua?

Jibu: Tuchukue fainali ambayo kila shabiki anaitaja, ile ya Kombe la Washindi Barani Afrika ya mwaka 1987, ambapo Gor Mahia ilikutana na Espérance ya Tunisia. Kwenye simu yako utasoma sare mbili, 2-2 mjini Tunis na 1-1 Nairobi, na kwamba Gor ilitwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Utasoma pia jina la mfungaji Peter Dawo na la nahodha Austin Oduor. Hayo yote ni kweli, lakini hayakuelezi kwamba mabao yakiwa 1-1, bao moja tu la wageni lingewapa wao kombe, na kwamba kila mpira uliovuka mstari wa katikati ulikuwa tishio kwa nchi nzima. Yule aliyekuwa nyumbani Kisumu, Kakamega au Mombasa, sikio likiwa kwenye redio, hakuwa na matokeo mbele yake. Alikuwa na sauti ya mtu mmoja iliyopanda na kushuka, na dakika ambazo hazikutaka kwisha. Namba 1-1 imeipoteza hali hiyo. Tangazo halikuipoteza, na kwangu mimi hiyo nayo ni historia ya klabu sawasawa na orodha ya vikombe.

Fananisha na mwaka 1979, Gor ilipofika fainali ya kombe hilohilo ikafungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun mabao 2-0 hapa nyumbani na 6-0 ugenini. Ni miaka minane tu kati ya kipigo hicho na ushindi wa Kasarani. Aliyesikiliza fainali zote mbili redioni hakuisikiliza ile ya pili kama mtu asiyejua maumivu, na mtangazaji mzuri aliijua hofu hiyo ya wasikilizaji wake na akaitangazia.

Jambo jingine ni ufundi wa lugha. Watangazaji wetu wa Kiswahili walikuwa na desturi ya kumchorea msikilizaji uwanja kwa kutumia redio yenyewe: timu moja inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako, nyingine kutoka kulia kwenda kushoto. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya maelezo marefu, kwani winga "wa upande wa kushoto wa redio yako" alionekana na kila mtu, hata na asiyewahi kukanyaga Nairobi. Msamiati mwingi tunaoutumia leo, kutoka mkwaju hadi dakika za lala salama, ulizoeleka masikioni kwa njia hiyo. Anayetaka kuandika historia ya kandanda ya Kenya bila kuyasikiliza matangazo hayo ataandika matokeo na kuiacha lugha ambayo mashabiki waliyapokelea matokeo hayo.

Swali (msomaji wa Ziwani): Babu yangu husema "Kadenge na mpira" kila anapotazama kandanda. Je, maneno hayo yalitoka kwenye mechi ya Abaluhya au ya timu ya taifa, na je, naweza kuiona mechi yenyewe kwenye televisheni za zamani?

Jibu: Joe Kadenge, aliyefariki tarehe 7 Julai 2019, aliichezea Abaluhya na timu ya taifa, na maneno hayo kwa kawaida hunasibishwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetuacha Februari 2025 na ambaye wengi wanamkumbuka pia kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?". Kila mzee utakayemuuliza atakutajia mechi yake, na hupaswi kushangaa. Mchezaji aliyeushika mpira mara nyingi kiasi hicho hutajwa hivyo hivyo mechi baada ya mechi, na sentensi inayorudiwa kila Jumapili haina siku moja ya kuzaliwa. Mrekodi babu yako akisimulia mechi anayoikumbuka yeye, pamoja na mahali alipokuwa ameketi na nani aliyekuwa na redio. Kisha linganisha masimulizi yake na magazeti, bila kumkatiza wala kumsahihisha wakati anapozungumza.

Kuhusu televisheni, ni vyema usitarajie mengi. Televisheni ilianza nchini mwaka 1962 na kwa miaka mingi ilikuwa katika nyumba chache tu, wakati redio ilikuwa hadi dukani kwa jirani. Isitoshe, tangazo la moja kwa moja lilipita hewani likaisha, isipokuwa mtu awe ameamua kulirekodi. Kanda za video za enzi hizo, zenye upana wa inchi mbili, zilikuwa ghali mno, na vituo vingi duniani vilizifuta ili kurekodia vipindi vingine. Hata BBC ya Uingereza ilipoteza vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 na 1970 kwa sababu hiyo. Kinachosalia kutoka kipindi hicho mara nyingi ni vipande vya filamu ya milimita 16 vilivyopigwa kwa ajili ya habari: bao moja, mashabiki wakiingia uwanjani, kombe likikabidhiwa.

Hali ilibadilika kanda za video za VHS zilipoingia majumbani katika miaka ya 1980. Ndiyo maana ninawasihi wenye kabati za kanda za harusi na za sinema wazikague zote, hata zile zisizoandikwa kitu. Mtu alirekodi mechi, akasahau, akarekodi harusi juu yake, na dakika ishirini za mwisho za kandanda bado zimo baada ya keki kukatwa. Ziondoeni kanda hizo juu ya spika, kwa kuwa sumaku huziharibu, na ziwekwe zimesimama mahali pakavu pasipopigwa na jua.

Swali (msomaji wa Umoja): Nina kaseti za mechi za AFC Leopards za miaka ya 1980. Nikiziweka mtandaoni nitakuwa nimevunja sheria?

Jibu: Kaseti ni mali yako, lakini tangazo lililomo si lako. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, tangazo hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka lilipopeperushwa. Tangazo la mwaka 1970 liliacha kulindwa mwishoni mwa 2020, ilhali la 1984, mwaka ambao Leopards ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati kwa mara ya tatu mfululizo, litalindwa hadi mwisho wa 2034. Kusikiliza nyumbani na kutumia kwa utafiti ni jambo ambalo sheria inalivumilia mradi utaje chanzo. Kuliweka tangazo zima hadharani kunahitaji idhini ya mwenye haki.

Idhini hiyo iombe kwa maandishi katika makao ya KBC, barabara ya Harry Thuku, ambayo ndiyo iliyorithi Sauti ya Kenya. Taja tarehe ya mechi, timu zilizocheza, jina la mtangazaji kama linasikika, na urefu wa kila kipande kwa dakika. Waambie pia, na ikiwezekana katika aya ya kwanza, kwamba uko tayari kuwapa nakala safi bila malipo, kwa sababu huenda unachokiomba ruhusa ya kukitumia ni kitu ambacho wao wenyewe hawana tena.